Nusu ya Nini? Somo Juu ya Watoto wa Damu Mbili



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike somo la historia litakalowafaa wenzangu wa vidato vya chini, na pia ndugu zetu waliosoma hapa zamani ambao bado hulisoma gazeti hili. Nimechagua habari ya watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika katika nchi yetu siku za Wabelgiji. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, habari hii haimo katika madaftari yetu, ingawa ilitendeka hapa hapa. Ya pili, nina deni kwa mwanafunzi mmoja ambaye sasa yuko kidato cha pili, na deni hilo nataka kulilipa mbele ya wale walioniona nikilikopa.

I. JINA NILILOLITUNGA

Mwezi wa Septemba 2024 nilikuwa kiranja wa bweni. Siku ya kwanza ya muhula aliingia mvulana mdogo wa kidato cha kwanza, mwenye sanduku jipya na ngozi nyeupe kuliko yetu. Mama yake ni Mnyarwanda. Baba yake ametoka Ulaya. Nilikuwa nikigawa vitanda, na kelele zilikuwa nyingi. Sikulisikia jina lake vizuri, wala sikumwuliza mara ya pili. Nikasema, "Wewe, Nusu, kitanda chako kile pale pembeni." Bweni zima likacheka, nami nikafurahi kuchekewa.

Kabla ya Jumapili jina lilikuwa limemshika. Uwanjani waliita, "Nusu, toa pasi!" Katika zamu ya kugawa chakula, mmoja wetu alimtilia upawa usiojaa wa maharagwe, akasema, "Nusu kwa Nusu." Mvulana alicheka pamoja nasi. Mimi nilidhani kucheka kwake ni dalili ya kukubali.

Jioni moja nilimkuta bombani akiosha sahani. Aliniuliza kwa adabu, "Kaka, nusu ya nini?"

Nikamjibu, "Ni utani tu, bwana mdogo."

Akasema, "Najua ni utani. Lakini nusu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aharakishe, kengele ya kusomea imekaribia. Kiranja akikosa jibu husingizia kengele.

II. MAJINA WALIYOPEWA WATU HAWA

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tuyatazame maneno yenyewe, maana jina huwa mlango wa tendo.

Kwa Kiswahili mtu wa damu mbili huitwa chotara. Neno hilo ni la zamani, na wengi hulitumia bila nia mbaya. Lakini angalia: twasema pia "ng'ombe chotara" na "kuku chotara". Mwenye kuitwa hivyo hawezi kusahau kuwa jina lake analishirikiana na mifugo. Wafaransa na Wabelgiji walikuwa na neno "mulâtre", ambalo huhusishwa na neno la Kihispania la nyumbu, yule mnyama azaliwaye na punda na farasi. Baadaye walizoea kusema "métis", neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kuchanganyika. Neno hili halina mnyama ndani yake, na wengi wa watu wenyewe hulipenda zaidi. Mimi nitasema "watoto wa damu mbili", ingawa najua kwamba kila mtu ana damu ya wawili, ya mama na ya baba.

III. YALIYOTENDEKA

Wabelgiji waliingia Rwanda mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakawaondoa Wajerumani. Waliitawala nchi yetu pamoja na Burundi kwa jina la Ruanda-Urundi, kwanza kwa amana ya Shirikisho la Mataifa na baadaye kwa amana ya Umoja wa Mataifa, mpaka uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kongo, jirani yetu, ilikuwa koloni lao hasa, ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960.

Wabelgiji wengi waliokuja kazini walikuwa wanaume bila wake zao. Walizaa na wanawake wa nchi. Wachache waliwakubali watoto wao na kuwapa jina, wengi hawakuwakubali. Lakini utawala wa kikoloni ulisimama juu ya mstari mmoja: huku Wazungu, huku Waafrika, shule mbali, hospitali mbali, mtaa mbali. Mtoto wa damu mbili alizaliwa juu ya mstari huo. Kuwepo kwake tu kulionyesha kuwa mstari si kweli. Wakubwa wa serikali walimwogopa pia kwa sababu nyingine: walidhani kwamba akikua miongoni mwa Waafrika, huku akijua baba yake ni nani, ataongoza watu kuasi.

Basi ikawa desturi ya serikali kuwaondoa watoto hawa kwa mama zao na kuwapeleka katika nyumba za misheni. Maelfu ya watoto walizaliwa hivyo katika Kongo, Rwanda na Burundi, na wengi wao walichukuliwa wangali wadogo. Kwetu Rwanda nyumba iliyojulikana ilikuwa Save. Save ni kilima cha kusini, siku hizi katika Wilaya ya Gisagara, karibu na mji wa Huye ulioitwa Butare na kabla yake Astrida. Misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini ilianzishwa hapo mwaka 1900. Katika nyumba ya watoto iliyoendeshwa na masista waliishi watoto wa damu mbili kutoka Rwanda, Burundi na Kongo.

Uhuru ulipokaribia, na hasa baada ya machafuko ya Novemba 1959 hapa Rwanda, iliamuliwa kuwapeleka watoto wa Save Ubelgiji. Walisafirishwa kwa ndege, kundi baada ya kundi, idadi yao karibu 300. Huko waligawanywa: wengine kwa familia za kuwalea, wengine kwa nyumba za yatima. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Wengine walibadilishiwa majina, hata tarehe za kuzaliwa. Wengi walikua bila cheti cha kuzaliwa kilicho sahihi, na wapo waliokuja kukuta kwamba hawana uraia wa nchi yoyote.

Miaka ilipita. Watoto walikuwa watu wazima, wakaanza kutafutana na kudai faili zao. Mwaka 2017 maaskofu Wakatoliki wa Ubelgiji waliomba radhi kwa sehemu ya Kanisa katika jambo hili. Mwaka 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio la kuitaka serikali iwasaidie watu hawa kuzifikia nyaraka zao na kuwapata jamaa zao. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel alisimama Bungeni, akaomba radhi kwa niaba ya dola.

Lakini maneno ya radhi hayakuwa mwisho. Wanawake watano waliozaliwa Kongo, wakachukuliwa kabla ya kutimiza miaka saba na kupelekwa katika misheni ya Katende huko Kasai, walikuwa wameishtaki dola ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa katika mahakama ya kwanza. Walikata rufani. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliwapa haki: iliamua kwamba kuwachukua kwa utaratibu watoto hao kutoka kwa mama zao, kwa sababu tu ya asili yao, kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na kwamba jinai ya namna hiyo haifutwi na kupita kwa wakati. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Majina yao yafaa tuyajue, maana wao wenyewe walisimama hadharani kwa majina hayo: Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Simone Ngalula, Noëlle Verbeeken na Marie-José Loshi. Walipopata hukumu hiyo walikuwa bibi wa zaidi ya miaka sabini.

IV. BIBI MDOGO

Sasa nawaelezeni kwa nini nazijua tarehe hizi kwa moyo.

Bibi yangu, mzaa mama, anakaa Nyamirambo. Kwa asili ni mtu wa kusini. Siku zote nilijua kwamba alikuwa na mdogo wake aliyekwenda Ulaya zamani. Nilidhani alikwenda kama watu wanavyokwenda siku hizi, kwa masomo au kwa kazi. Kumbe alikwenda akiwa na miaka mitano.

Mama yao alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, ndiye bibi yangu. Alipata kazi ya kufua nguo katika nyumba ya bwana shamba mmoja, Mbelgiji. Mwaka 1955 alizaa naye mtoto wa kike. Bwana yule alirudi kwao mwaka 1958, bila kuandika jina lake popote. Mtoto alichukuliwa akawekwa katika nyumba ya watoto wa namna yake, na mwaka 1960 akapandishwa ndege. Sitaitaja nyumba hiyo wala jina la bibi mdogo, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Faili lake alilipata miaka michache iliyopita. Ndani yake lilikuwamo jina la mama na jina la kilima. Aliandika barua, ofisi ya sekta ikawauliza wazee, na wazee wakamjua bibi yangu. Desemba 2024, nilipokuwa likizoni, bibi mdogo alikuja Kigali. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Anasema Kifaransa na Kiflemi. Bibi yangu anasema Kinyarwanda, na Kiswahili cha Biryogo. Hivyo dada hawa wawili hawakuwa na lugha moja kati yao, na mimi niliketishwa katikati kuwa mkalimani.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kushikana mikono na kutazama picha. Siku ya pili, baada ya chai, bibi mdogo aliniambia, "Mwulize dada yangu: mama alinitoa kwa hiari?"

Nikauliza. Bibi yangu alikaa kimya kitambo, kisha akajibu kwa Kinyarwanda, pole pole, ili nisipoteze neno:

"Walimletea karatasi. Hakujua kusoma. Aliambiwa ni ya shule, akatia dole gumba. Siku ya lori mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi. Mama hakulia. Hakulikimbilia lori. Aliketi chini, akavuta nguo zilizobaki za kufua, akazifua zote. Baada ya hapo, kwa muda mrefu, hakulitaja jina la mtoto."

Ndugu zangu, hapo nilifanya kosa. Nilimtazama yule mama mzee aliyevuka bahari kuja kuuliza swali moja, nikaona siwezi kumpa jibu la mama asiyelia. Nikamwambia kwa Kifaransa, "Hakujua kilichoandikwa. Alilia sana. Alilikimbilia lori mpaka akaanguka."

Bibi mdogo akafunika uso. Lakini bibi yangu, ambaye mimi nilidhani hajui Kifaransa, alikuwa amefanya kazi kwa Wazungu ujanani, na neno la kulia analijua. Akanigusa goti. "Mimi sikusema alilia. Kwa nini unampa mama mwingine? Yule wa kwanza walimnyang'anya, na wewe wataka kumnyang'anya wa pili? Mwambie kama nilivyosema, kisha nitamaliza, maana sikuwa nimemaliza."

Nikatubu mbele yao, nikatafsiri upya. Nguo, lori, dole gumba, kimya. Bibi mdogo alisikiliza bila kujifunika tena. Ndipo bibi yangu akamaliza: "Kila ndege ilipopita juu ya kilima chetu, mama aliniuliza mimi niliyesoma shule kidogo: ile inakwenda au inarudi? Mimi sikujua. Nikawa namwambia inarudi. Alikufa mwaka 1983, akiuliza bado."

Bibi mdogo alinyamaza. Halafu akaniambia, "Huyo ndiye mama yangu. Mimi pia silii mbele za watu, hufanya kazi. Watoto wangu hunilaumu kwa hilo. Sasa najua nimelitoa wapi."

Kama ningeuacha uwongo wangu usimame, asingelijua hilo kamwe. Nilitaka kumpa faraja, kumbe yeye alikuja kuchukua urithi wake.

V. JE, WATOTO HAWA HAWAKUWA NA KWAO?

Wapo watu wanaosema hivi: watoto hao walikuwa wametupwa na baba zao, serikali na masista waliwapa chakula, viatu na masomo, kosa liko wapi? Nimesikia hoja hii hata katika mdahalo wetu, kwa hiyo yafaa tuijibu kwa utaratibu.

Kwanza, tazama desturi yetu. Katika Rwanda mtoto huhesabiwa kwa baba na ukoo wa baba. Lakini baba hupata haki hiyo kwa kutoa inkwano, yaani mahari. Asipotoa, mtoto huwa wa jamaa ya mama: babu yake upande wa mama humpa jina na mahali pa kukaa. Basi mtoto wa bwana shamba asiyetoa hata mbuzi hakuwa mtoto asiye na kwao. Kwa sheria ya kilima alikuwa na kwao palipojulikana. Waliosema ametupwa walikuwa wakipima kwa kipimo cha Ulaya peke yake, wakatafuta jina la baba katika karatasi. Walipolikosa wakaandika kwamba hana mtu.

Pili, msaada hauhitaji kumtenga mtoto. Kama nia ilikuwa viatu na shule, viatu vingeweza kuletwa kilimani. Nilimwuliza bibi mdogo jambo hili, akajibu: "Nilipata kitanda, nikasoma, nikawa muuguzi. Wale walionilea Ubelgiji walinipenda, na mimi niliwapenda. Sitaki mtu awaseme vibaya. Lakini kuna mkate niliokula miaka sitini bila kujua mama yangu alikuwa hai wakati naula." Mtu aweza kushukuru na kudai haki kwa kinywa kimoja.

Tatu, sisi Wanyarwanda tunajua kuliko wengi jinsi karatasi inavyoweza kumgeuza mtu. Wabelgiji hao hao, katika miaka ya 1930, walileta vitambulisho vilivyoandika kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto wa ndoa ya mchanganyiko alipewa neno la baba yake, na upande wa mama ukafutwa kwa kalamu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja katika kitambulisho lilitosha kumfisha mtu kizuizini. Vitambulisho vyetu vya leo havina neno hilo. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa kwa ukubwa, hayakaribiani. Nasema mzizi wao ni mmoja: mkubwa wa ofisi kujipa haki ya kuamua mtu ni nani, kisha kumpanga mahali kulingana na uamuzi huo.

Siku hizi sheria ya Rwanda humhesabu kuwa Mnyarwanda mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, mama au baba, ni Mnyarwanda. Katiba ya mwaka 2003 iliruhusu pia uraia wa nchi mbili. Wale walioupoteza uraia wetu kati ya tarehe 1 Novemba 1959 na 31 Desemba 1994 kwa kupata uraia wa kigeni walifunguliwa mlango wa kuurudia wakirejea kukaa. Tazama tarehe hiyo ya mwanzo: ndio mwezi ambao machafuko yaliyoharakisha safari za watoto wale yalianza.

VI. LUGHA HII TUNAYOISOMA

Nataka kuongeza jambo moja la sayansi kwa wale wanaodhani kuwa damu mbili ni mambo ya wakoloni tu. Mwezi wa Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa asili ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani yetu, kama Manda, Mtwapa na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wataalamu walikuta kwamba Waswahili wengi wa kale walikuwa na asili ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, pamoja na asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Lakini lugha waliyosema watoto wale ilibaki ya mama zao: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, iliyopokea maneno ya Kiarabu, Kiajemi na Kihindi kama mwenyeji anavyopokea wageni.

Lugha hiyo ilifika Kigali pamoja na askari na wafanya biashara, tangu Richard Kandt alipouanzisha mji huu mwaka 1907. Ilikaa Biryogo na Nyamirambo, ikadharauliwa muda mrefu kuwa lugha ya sokoni na ya Waislamu. Mwaka 2017 ikawa moja ya lugha rasmi za nchi yetu. Wenzangu, kila tunapoandika katika kurasa hizi tunatumia kazi ya watoto wa damu mbili, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa Kiswahili ni nusu lugha.

VII. DENI LANGU

Niliporudi shuleni Januari 2025, nilimwita yule mvulana bombani, mahali pale pale. Nilimweleza habari ya bibi mdogo. Kisha, kwa kuwa nilijiona nimeelimika, nikamwambia, "Wewe si nusu. Wewe ni mbili. Una utajiri mara mbili."

Alifikiri kidogo, akasema, "Asante, kaka. Lakini sitaki kuwa mbili pia. Wewe huitwi hesabu."

Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Jina langu. Kama linavyosomwa asubuhi kwa mwalimu."

Jioni ile nilisimama bwenini, nikalitaja jina lake kamili mara mbili, nikasema kwamba lile jingine nililitunga mimi kwa uvivu wa kutouliza, na kwamba tangu sasa atakayelitumia atafagia bweni pamoja nami, maana na mimi nilifagia juma zima. Wengine waligeuka upesi. Wengine walichukua muda; ulimi una mazoea. Yeye hakuwa rafiki yangu mkubwa kwa sababu hiyo, wala sikumtazamia awe. Lakini siku moja wakati wa mashindano alisimama mwenyewe mbele ya darasa, akaeleza kwa Kiswahili sikukuu za kwa babu zake wa pande zote mbili, na chakula kinacholiwa katika kila moja. Hakuna aliyemwomba kueleza, alipenda tu. Na hapo ndipo nilipoiona tofauti. Mtu huonyesha urithi wake kwa furaha akiwa hakulazimishwa kuulipia kama kodi ya kuingia.

Bibi mdogo alirudi Ubelgiji, kwa kuwa wajukuu wake wako huko. Siku ya kuondoka nilimwuliza kama sasa anajiona wa hapa au wa kule. Alicheka. "Huku watoto wa barabarani huniita Umuzungu. Kule huniuliza nimetoka wapi, na nimekaa kule miaka sitini na minne. Nimechoka kungoja wakubaliane. Kaburi la mama yangu liko huku, makaburi ya walionilea yako kule, na yote mawili nayapalilia." Kisha bibi yangu akamwita kwa jina lake la Kinyarwanda, lile alilopewa na babu yao, akamwambia, "Sisi ni Abasinga. Mama alikuwa Musinga na wewe hukutolewa inkwano na mtu. Kwa hiyo ni mtu wetu, uende wapi." Hili nililitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza.

Ndege yao iliondoka usiku. Tulipokuwa tukirudi Nyamirambo, bibi yangu alitazama taa zake zikipanda juu ya Kanombe, akasema, "Ile inakwenda." Baada ya kitambo akaongeza, "Lakini safari hii yeye mwenyewe amekata tikiti ya kurudi. Ameniambia mwezi wa Julai."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini utawala wa kikoloni uliwaogopa watoto wa damu mbili? Toa sababu mbili.
2. Eleza kazi ya inkwano katika kumhesabu mtoto. Je, watoto waliochukuliwa walikuwa kweli "hawana mtu"?
3. Mahakama ya Brussels iliamua nini tarehe 2 Desemba 2024, na kwa nini kupita kwa miaka mingi hakukuzuia hukumu hiyo?
4. Mkalimani alikosa nini? Je, kuna wakati wa kupunguza ukweli kwa ajili ya huruma? Jadilianeni.
5. Yupo mwanafunzi katika darasa lako anayeitwa kwa jina asilolichagua? Je, umewahi kumwuliza anataka kuitwaje?

Ndugu zetu mliosoma hapa zamani, kama katika kilima chenu yupo mzee anayekumbuka mtoto aliyepelekwa Ulaya katika miaka ile, mketini naye mwandike anayoyakumbuka: jina la mama, jina la kilima, jina la kwanza la mtoto. Wanaotafuta wamekuwa wazee, na wanaokumbuka ni wazee zaidi.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kigali